Kati ya "inampasa" na "lazima": kuzisoma hukumu za Taney na Marshall

Rafiki yangu mmoja, wakili, ana tabia ya kunichokoza. "Nyie watu wa fasihi," husema, "mnahangaika na riwaya mkitafuta watu, wakati watu wamejaa kwenye hukumu." Miaka yote nilikuwa nacheka tu. Safari hii akanitumia hukumu mbili za Mahakama ya Juu ya Marekani na ujumbe mfupi: zisome kama unavyosoma hadithi, halafu niambie ipi nzuri. Nimezisoma. Jibu langu ndilo hili, na nikiri mapema kwamba limenitoa jasho. Hukumu ninayoiona ni sahihi ndiyo ingemrudisha gerezani mtu niliyemhurumia kuliko wote.

Ya kwanza ni Kentucky dhidi ya Dennison, ya tarehe 14 Machi 1861. Ya pili ni Puerto Rico dhidi ya Branstad, ya tarehe 23 Juni 1987. Kati yao ipo miaka 126, na zote mbili zinauliza swali moja. Mtu ameshtakiwa kwa kosa katika jimbo moja, akakimbilia jimbo jingine. Gavana wa kule alikokimbilia anakataa kumrudisha. Je, mahakama ya shirikisho inaweza kumlazimisha gavana huyo? Hukumu ya kwanza ilijibu hapana. Ya pili ikajibu ndiyo.

Kabla sijaendelea, tuelewane kuhusu neno "gavana". Msomaji wa Kenya akilisikia anawaza kaunti, na gavana wa kaunti hana la kusema polisi wakimfuata mtuhumiwa kutoka Kisumu hadi Mombasa, kwa sababu polisi ni wa taifa zima na mahakama pia. Marekani mambo ni mengine. Kila jimbo lina sheria zake za jinai, mahakama zake, polisi wake na magereza yake. Ukivuka mpaka wa jimbo umevuka kweli. Ndiyo maana Katiba yao, katika Ibara ya 4, inasema mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai akakimbia, arudishwe pale jimbo alilolikimbia linapomdai. Mwaka 1793 Bunge lao likatunga sheria ya kuonyesha utaratibu: gavana anayedai alete hati ya mashtaka, na kwa gavana anayedaiwa, itakuwa wajibu wake kumkamata mtu huyo na kumkabidhi.

Itakuwa wajibu wake. Shikilia hapo, maana habari yote imelalia kwenye maneno hayo matatu.

Sheria hiyo ya 1793 yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1788 watu watatu wa Virginia walimkamata mtu mweusi aitwaye John Davis, aliyekuwa huru kwa sheria za Pennsylvania, wakamvusha mpaka kwa nguvu na kumpeleka Virginia. Pennsylvania ikawashtaki kwa utekaji. Gavana Thomas Mifflin akawadai, gavana mwenzake wa Virginia, Beverley Randolph, akakataa kuwatoa. Mifflin akamwandikia Rais George Washington, suala likafika Bungeni, na Bunge likatoka na sheria yenye sehemu mbili: moja ya kurudisha watuhumiwa, nyingine ya kurudisha watumwa waliotoroka. Yaani kilio kilianza na mtu mweusi aliyetekwa, na kilipofika kwa wakubwa kikageuka kuwa njia ya kuwakamata weusi wengine. Ingekuwa riwaya, ningemwambia mwandishi apunguze kejeli.

Sasa twende 1859. Katika Kaunti ya Woodford, Kentucky, mtu mweusi huru aitwaye Willis Lago anashtakiwa kwa kumshawishi Charlotte, mtumwa, amwache bwana wake, na kumsaidia kutoroka. Kwa sheria ya Kentucky hilo ni kosa la jinai. Lago yupo Ohio, ng'ambo ya mto. Gavana wa Kentucky, Beriah Magoffin, anamdai. Gavana wa Ohio, William Dennison, anamuuliza mwanasheria mkuu wa jimbo lake, ambaye anamjibu kwamba Ohio haiwezi kulihesabu jambo hilo kuwa kosa: si uhaini, wala si jinai inayotambuliwa kwa sheria za Ohio au desturi za kisheria walizorithi. Kumsaidia binadamu kuondoka utumwani si uhalifu. Dennison anakataa. Kentucky inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu kuomba amri ya kumlazimisha gavana atimize wajibu wake.

Anayeandika hukumu ni Jaji Mkuu Roger Taney, mwenyeji wa Maryland, umri wake miaka 83. Ni Taney yuleyule wa hukumu ya Dred Scott ya mwaka 1857, aliyeandika kwamba watu weusi hawawezi kuwa raia wa Marekani. Ukishajua hilo unafungua ukurasa wa kwanza ukiwa na uhakika wa mwisho wake: Lago kaisha.

Na kweli, kwa kurasa nyingi Taney anajenga hivyo hivyo. Hoja ya Ohio anaivunja tofali moja baada ya jingine. Kosa ni lolote ambalo jimbo linalodai limeliita kosa, kwa hiyo Ohio haina ruhusa ya kuchagua ipi ni jinai na ipi si jinai. Gavana anayedaiwa hana hiari. Kazi yake ni ya karani tu: aangalie karatasi, aone zimekamilika, asaini, amtoe mtu. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi asingekaza kamba vizuri zaidi. Unafika mahali unasema haya, imebaki amri tu.

Halafu Taney anasimama kwenye yale maneno matatu na kuyageuza. Anakubali kwamba katika sheria za kawaida maneno kama hayo huwa ni amri. Lakini hapa, anasema, tukizingatia uhusiano wa majimbo na serikali ya shirikisho, hayakuwekwa kama amri. Yanatangaza wajibu wa kimaadili. Sheria haikuweka adhabu wala njia ya kumbana gavana, na serikali ya shirikisho haina mamlaka ya kumtwika kiongozi wa jimbo kazi na kumshurutisha aifanye. Gavana wa Ohio akikataa, hakuna mahakama wala chombo chochote cha Washington chenye nguvu ya kumlazimisha. Ombi la Kentucky limetupwa.

Nilirudia kusoma mara tatu. Nilipojaribu kumsimulia mke wangu kwa Kiswahili ndipo nikaelewa Taney kafanya nini. Lugha yetu ina ngazi za wajibu. Kuna "inafaa", kuna "inampasa", kuna "hana budi", kuna "lazima", na juu ya ngazi kuna askari mlangoni. Taney anapanda ngazi zote hadi "hana budi", anatufikisha kizingiti cha "lazima", halafu anatuambia kwa sauti ileile ya upole kwamba tangu mwanzo alikuwa anamaanisha "inampasa". Sisi tunasema ahadi ni deni. Yeye anasema deni lipo, ni halali, kiasi chake kinajulikana na mdaiwa anajulikana. Isipokuwa hakuna wa kulidai.

Kwa nini mtu aandike hivyo? Angalia tarehe. Lincoln alikuwa ameapishwa siku 10 kabla. Majimbo saba ya Kusini yalikuwa yameshatangaza kujitoa. Vita ingeanza Fort Sumter mwezi uliofuata. Mahakama ikisema wazi kwamba Washington inaweza kumlazimisha gavana wa Kaskazini, kesho yake Lincoln anaichukua hukumu ileile na kuwaelekea magavana wa Kusini. Wengi wamekisoma hivyo kigeugeu cha Taney, na mimi nakubaliana nao. Hii ni hukumu ya mtu anayetaka kuipa Kusini hoja yote na wakati huohuo kuinyima Kaskazini fimbo. Kama kazi ya maandishi imepasuka katikati: mwili wake unasema hivi, mguu wake unakwenda kule.

Ila matokeo ndiyo hayo. Lago hakurudishwa kwa amri ya mahakama. Jaji aliyewanyima weusi uraia ndiye aliyeandika maneno yaliyombakiza mtu mweusi Ohio. Na Charlotte? Hukumu inamtaja kwa sababu ya hati ya mashtaka tu, jina moja, pamoja na jina la mtu aliyemmiliki. Haisemi alikuwa na umri gani, alitaka nini, wala aliishia wapi. Msichana ambaye kila kitu kimeanza na safari yake anatoka jukwaani kabla mjadala haujaanza.

Hapa rafiki yangu wakili angeniambia hukumu si mahali pa kuwalilia watu. Sawa. Lakini hukumu ya Dennison iliishi miaka 126, na ndani ya ufa ule uliouacha Taney watu waliishi. Wawili kati yao waliandika vitabu, kwa hiyo wametufikia sisi wa fasihi.

Wa kwanza ni Robert Burns, mzungu, askari aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amevurugika. Mwaka 1922 alishiriki wizi wa duka huko Atlanta, fedha zenyewe hazikufika dola 6. Georgia ikampa kifungo cha miaka 6 hadi 10 cha kuponda mawe na kujenga barabara, miguu ikiwa kwenye minyororo. Akatoroka, akafika Chicago, akawa mhariri wa jarida. Alipofichuliwa alikubali kurudi Georgia kwa hiari baada ya kuahidiwa kwamba mambo yatakuwa mepesi. Ahadi haikutimizwa. Akatoroka tena mwaka 1930, na safari hii akaandika. Kitabu chake, I Am a Fugitive from a Georgia Chain Gang!, kilitoka 1932, na filamu ikatoka mwaka huohuo. Desemba 1932 akakamatwa New Jersey, Georgia ikamdai. Gavana A. Harry Moore akasikiliza pande zote mbili hadharani, akakataa kumtoa.

Wa pili ni Haywood Patterson, mmoja wa wale vijana tisa weusi wa Scottsboro waliosingiziwa mwaka 1931, huko Alabama, kuwabaka wanawake wawili wazungu kwenye treni. Alihukumiwa mara kadhaa, ya mwisho miaka 75. Mwaka 1948 akatoroka, akafika Detroit. Mwaka 1950 kikatoka kitabu chake Scottsboro Boy, alichokiandika pamoja na Earl Conrad. Mwaka huohuo akakamatwa, Alabama ikamdai, na Gavana G. Mennen Williams wa Michigan akakataa.

Unaona ilivyo? Ukikaa na Burns na Patterson, unaanza kuupenda ule ufa. Wajibu wa kimaadili unaacha nafasi ya maadili. Gavana anaweza kusoma kitabu, au kumtazama mtu usoni, akasema karatasi zenu zimekamilika lakini huyu simrudishi kwenye minyororo. Kwa mpenzi wa vitabu hiyo ni ndoto: kitabu kinamshinda karani. Nilikuwa tayari kumwandikia rafiki yangu kwamba hukumu nzuri ni ya kwanza, pamoja na upasukaji wake wote.

Ndipo nikafungua ya pili.

Januari 1981, mji wa Aguada, Puerto Rico. Katika eneo la kuegesha magari nje ya duka kunatokea ugomvi. Mwongoza ndege mmoja, mfanyakazi wa serikali ya shirikisho kutoka bara, anawagonga kwa gari lake mume na mke. Mke ni mjamzito wa miezi minane. Mume anapona, mke anafariki, na mtoto aliye tumboni pia. Mashahidi wanadai kwamba baada ya kumgonga mwanamke, dereva alirudi nyuma na kumpita juu zaidi ya mara moja. Anashtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, anapewa dhamana ya dola 5,000, na anatoweka. Anaonekana Iowa, nyumbani kwao.

Puerto Rico inamdai. Gavana wa Iowa wakati huo, Robert Ray, anaitisha kikao. Hapo wakili wa mtuhumiwa anatoa hoja kwamba mzungu Mmarekani hawezi kutendewa haki katika mahakama za Puerto Rico. Yanafanyika mazungumzo ya kutaka mashtaka yapunguzwe, yanashindikana. Desemba 1981 Ray anakataa, akisema labda mashtaka yabadilishwe yaendane zaidi na hali halisi. Anakuja gavana mwingine, Terry Branstad, anadaiwa tena, naye anakataa. Mahakama mbili za chini zinasema samahani, mikono yetu imefungwa na Dennison.

Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kunywa maji. Hatatendewa haki huko! Hiyo ndiyo hoja ya Patterson. Ni hoja ya Burns pia. Maneno ni yaleyale, mlango ni uleule, isipokuwa safari hii aliyepita si kijana mweusi aliyesingiziwa. Ni mtu aliyeacha nyuma yake maiti ya mama mjamzito, na hoja yake ni kwamba Wapuerto Rico hawafai kumhukumu mtu kama yeye. Ufa hauna macho. Unampitisha yeyote ambaye gavana wa siku hiyo amempenda.

Anayeandika hukumu ya 1987 ni Thurgood Marshall, naye wa Maryland kama Taney, mjukuu wa kizazi cha watumwa na mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ile. Sisi wa Afrika Mashariki tuna habari zake kidogo: mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, alikuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, na akaandaa rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya. Katika rasimu hiyo mtu aliyetumia maisha kuwatetea weusi walio wachache kwao alijali pia haki za wazungu na Wahindi, ambao Kenya huru ingewafanya kuwa wachache. Jambo hili nitalirudia.

Marshall aliwajua magavana wanaokataa. Mwaka 1957 Orval Faubus, gavana wa Arkansas, alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shule ya sekondari Little Rock, ingawa mahakama ya shirikisho ilikuwa imeamua waingie. Mwaka 1958 Marshall alisimama Mahakama ya Juu upande wa wanafunzi, akashinda. Kwa hiyo alipoliona neno la Taney, kwamba Washington haiwezi kumlazimisha gavana, hakuliona kama mlango wa Patterson tu. Aliona pia geti la shule ya Little Rock likiwa limefungwa. Neno moja, na pande zake mbili.

Wiki saba kabla ya hukumu hii, mwezi Mei, Marshall alitoa hotuba iliyowaudhi wengi. Taifa lilikuwa likisherehekea miaka 200 ya Katiba, yeye akasema hati ile ilikuwa na kasoro tangu ilipoandikwa, na kilichoiponya ni vita, marekebisho na mapambano ya watu waliosahauliwa na waandishi wake. Ukiisoma hukumu yake baada ya hotuba hiyo, unasikia sauti ileile ikiwa imevaa joho.

Ni hukumu fupi. Anaanza kwa kumsoma Taney kama mhakiki anavyomsoma mwandishi wa zamani: anamweka kwenye 1861 yake, anatuonyesha majimbo yanayojitoa na vita inayonukia, anaonyesha kwamba mahakama iliogopa kutoa amri ambayo huenda isingetiiwa. Halafu anaitenganisha kazi ile vipande viwili. Kipande cha kwanza, kwamba gavana hana hiari, anakibakiza. Kipande cha pili, kwamba hakuna wa kumlazimisha, anakitupa. Kilikuwa zao la wakati mwingine, anasema kwa maana, na zaidi ya karne ya ukuaji wa Katiba imeshakipita. Tangu 1908 mahakama za shirikisho zimekuwa zikiwazuia viongozi wa majimbo wasivunje Katiba. Kwa nini wajibu huu peke yake ubaki bila mdai? Na kwa kuwa Puerto Rico si jimbo, anajiegemeza kwenye sheria ya Bunge, ambayo inayahusu pia maeneo yaliyo chini ya Marekani. Majaji wote 9 walikubaliana na matokeo, ingawa watatu hawakumfuata katika kila hoja.

Kama mhakiki, nampa Marshall alama kwa jambo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana: hukumu yake haina ufa. Inaloahidi mwanzoni ndilo inalolipa mwishoni. Amepanda ngazi zote hadi "lazima", na akasimama pale.

Lakini kuna aya moja iliyonikera, na ninadhani ndiyo moyo wa jambo lote. Upande wa Iowa ulisema: kwa zaidi ya miaka 100 magavana wamekuwa wakitumia busara kuamua nani arudishwe na nani asirudishwe, na desturi hiyo imekuwa kama sheria, tena ni bora kuliko kusaini kama mashine. Marshall anaipokea hoja hiyo na kuizika kwa sentensi chache. Hata kama desturi hiyo ipo, haina uzito. Kuvunja sheria kwa muda mrefu hakuigeuzi kuwa sheria.

Kisheria simwoni alipokosea. Ila Burns yumo ndani ya aya hiyo. Patterson yumo. Willis Lago mwenyewe yumo, kwa sababu chini ya kanuni ya Marshall, mwaka 1861 angekabidhiwa Kentucky. Wote wamezikwa humo bila majina. Mtu aliyesema waziwazi kwamba Katiba iliponywa na waliosahauliwa alikuwa na nafasi ya kuandika sentensi moja tu: mlango tunaoufunga leo uliwahi kuwaokoa watu. Hakuiandika. Ninaelewa sababu, maana sentensi hiyo ingewapa magavana pa kushika. Bado naidai.

Sasa swali la rafiki yangu. Ipi nzuri?

Nasema ya Marshall, na sababu inanirudisha Lancaster House. Haki inayokulinda siku kiongozi anapokupenda tu ni fadhila, bado haijawa haki. Burns alipata gavana mwema, sawa. Wangapi walirudishwa wasiokuwa na kitabu wala filamu, kwa magavana ambao hawakusoma chochote? Marshall wa 1960 aliyafikiria maslahi ya watu ambao siku moja wangehitaji kulindwa dhidi ya wenye madaraka, hata kama leo hawapendwi. Marshall wa 1987 anafanya lilelile: familia ya mwanamke wa Aguada isiwe inaomba, iwe inadai. Wapuerto Rico hawana kura ya rais, hawana seneta, na gavana wa Iowa hana sababu yoyote ya kisiasa ya kuwasikiliza. Wana mahakama. Ukiwanyima hiyo, hakuna walichobaki nacho.

Gharama yake ipo, na tusiifiche. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mtu aliyekuwa nje kwa msamaha wa masharti kutoka gereza la Ohio, akakimbilia New Mexico, akisema akirudishwa atauawa gerezani. Mahakama za New Mexico zilimwamini, zikamwachia. Mahakama ya Juu ikasema hapana: malalamiko hayo akayaseme Ohio. Hiyo ndiyo "lazima" ikiwa uchi. Unamwambia mtu akaieleze hofu yake kwa haohao anaowaogopa.

Na ufa haujazibika wote. Januari 2025 Louisiana ilimshtaki daktari wa New York, ikidai aliagizia mtu aliyeko Louisiana dawa za kutoa mimba. Februari Gavana Kathy Hochul akasema hatasaini kumtoa. Magazeti mengine yakaandika kama vile Dennison amefufuka. Siyo hivyo, na hapa ndipo kusoma neno kwa neno kunapolipa. Katiba inamzungumzia mtu aliyekimbia. Anayedaiwa kutenda akiwa kwake New York, amekimbia wapi? Taney na Marshall waligombania "wajibu". Ugomvi wa sasa umehamia kwenye "kukimbia". Na kama ule wa kwanza, si mchezo wa maneno. Kuna mtu anayelala usiku huu akisubiri tafsiri ya kitenzi.

Rafiki yangu, nimekujibu. Ya Marshall ndiyo nzuri, na niliyemhurumia kuliko wote bado ni Lago. Nimejaribu kuyapatanisha hayo mawili kwa wiki nzima, hayapatani, na nimeamua kuyaacha hivyo. Ila ulinidanganya kidogo uliposema watu wamejaa kwenye hukumu. Wamejaa majina. Watu wenyewe, kina Charlotte, lazima msomaji akawatafute.